Kabla ya Kuizima: Mhadhara Juu ya Nyayo za Programu Inayoanguka na Inayoganda



Katika mji huu wa Kisumu tumezoea kuhadhiriwa juu ya samaki, juu ya magugu maji yanayoifunika Ghuba ya Winam, juu ya reli iliyotufikia mwaka 1901, na juu ya siasa, ambayo haihitaji mwaliko; lakini ni nadra mtu kusimama mbele ya hadhara akanena juu ya maandishi ambayo watu wengi, wayaonapo katika kioo cha kompyuta, huyafunga upesi na kutazama kando. Maandishi hayo ni ile mistari themanini, pengine mia na zaidi, yenye majina marefu yaliyounganishwa kwa nukta na tarakimu mwishoni, ambayo programu huiacha nyuma yake inapoanguka. Mafundi huiita nyayo za staki. Dai langu leo ni kwamba nyayo hizo ni shahada ya mahali programu ilipofia, na kwamba kutoka mahali pa kifo mpaka kwenye sababu ya kifo ipo safari ambayo msomaji hana budi kuifunga mwenyewe. Na tena kwamba ada tuliyo nayo katika zahanati na ofisi zetu za kandokando ya ziwa, ya kuzima mashine na kuiwasha upya kabla mtu yeyote hajaisikiliza shahada hiyo, ndiyo inayofanya ugonjwa ule ule uturudie mwezi baada ya mwezi.

Jambo hili lina nasaba na nchi yetu kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi wa Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot upande wa Nandi, lilianza kutumika daftari la wagonjwa la kompyuta, tunda la ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, likiwa limeundwa kwa Microsoft Access na kukidhi haja ya kituo kimoja. Maradhi ya Ukimwi yalipoanza kutibiwa kwa maelfu ya watu, daftari lile likaelemewa. Na mwaka 2004 waganga wawili wenye elimu ya kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakafika Eldoret kutazama namna ya kulikuza, wakaona heri kujenga upya. Jengo hilo jipya ndilo OpenMRS, lililoanza kazi Eldoret mwezi wa Februari 2006, na ambalo leo linatumika katika nchi nyingi zisizopata kuisikia Mosoriot. Juu ya msingi huo, kuanzia mwaka 2012, ikajengwa KenyaEMR kwa ushirika wa Wizara ya Afya na shirika la I-TECH la Chuo Kikuu cha Washington, nayo ikaenea katika hospitali na zahanati za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Kwa maana Nyanza ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko mikoa yote, hata uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 ukakuta kiwango cha maambukizo hapa ni kiasi cha maradufu ya kile cha nchi nzima. Mtu asije akasema basi kwamba elimu ya kusoma nyayo za staki ni ya watu wa California. Kila asubuhi, katika ufuo huu, yupo karani wa kumbukumbu za afya aliyeketi mbele ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, inayokaa ndani ya seva ya Tomcat na kuweka amana zake katika hifadhidata ya MySQL, huku nje kwenye mabenchi wamejaa watu waliotoka mbali kufuata dawa.

Na umbali wenyewe si jambo dogo. Fundi aghalabu yuko hapa mjini. Mashine iko Usenge, au Kendu Bay, au Mfangano, ambako aendaye hufika Mbita kwanza, kisha hupanda mtumbwi wa mashine. Afikapo, mashine imekwisha kuzimwa na kuwashwa, inafanya kazi kama kwamba haikuwa na lolote, na wenyeji wanamwambia kwa ukarimu wote kwamba jana ilikataa. Hana la kushika. Lau angepelekewa yale maandishi katika saa ile ile ya tukio, yumkini asingehitaji hata kuvuka maji.

Ili tufahamiane, yatupasa kwanza kujua staki ni kitu gani. Programu haifanyi kazi yake yote kwa pumzi moja. Imegawanywa katika taratibu ndogo ndogo, na kila utaratibu huutuma mwingine. Mwenye hoteli ya samaki humwambia mpishi wake kwamba mgeni anataka ngege. Mpishi huenda kwa mama muuzaji wa soko la Kibuye. Mama, akiwa ameishiwa, humtuma mwanawe Dunga kungoja mitumbwi. Wakati ule mtoto asimamapo ufuoni, wengine wote wamesimama pia, kila mmoja amesita katikati ya shughuli yake na kuweka alama ya pale alipoachia, ili apewapo samaki aendelee kutoka hapo hapo. Orodha ya hao wanaosubiri, aliyetumwa mwisho akiwa juu na mwenye hoteli akiwa chini kabisa, ndiyo staki. Na kila mtu katika orodha hiyo mafundi humwita fremu. Mtoto akizimia pale ufuoni, orodha isomwapo hutuambia ni nani aliyezimia, ni nani aliyemtuma, na ni nani aliyemtuma huyo, mpaka tumfikie mwenye hoteli. Walakini haitusimulii habari za waliokwisha kurejea: kama asubuhi ile alitangulia mjumbe mwingine, akarudi na habari ya uongo kwamba Dunga samaki ni tele, jina lake halimo, kwa sababu kazi yake ilikwisha na fremu yake ikafutwa. Kasoro hiyo ya shahada ishikeni vyema, kwa maana humo ndimo wasomaji wengi wanamopotelea.

Fikira ya kuweka alama za kurejea katika rundo, na kuziondoa kwa kuanza na ile ya mwisho, mwanahisabati Alan Turing aliieleza mwaka 1946 katika taarifa yake juu ya mashine ya ACE, na Wajerumani wawili, Bauer na Samelson, wakaombea hataza fikira ya rundo lenyewe mwaka 1957. Ilibuniwa ili mashine isipotee njia ya kurudi. Kwamba ingefaa pia kuwa ushahidi baada ya msiba, hiyo ni faida iliyokuja juu ya faida.

Sasa tuchukue mfano, niliouunda kwa ajili ya mhadhara huu, ila kila fundi wa zahanati atautambua. Afisa wa kliniki analifungua faili la mgonjwa mmoja, na badala ya faili linatokea pazia la maandishi. Mstari wa kwanza unalalamika kwamba ukurasa umeshindwa kuchorwa. Inafuata mistari mingi yenye majina ya vyombo vya kuchorea kurasa. Chini yake, mahali ambapo jicho limekwisha kuchoka, uko mstari unaoanza kwa maneno «Caused by», na mbele yake jina NullPointerException. Na mstari unaofuata unautaja utaratibu unaohesabu miezi ambayo mgonjwa amekuwa katika tiba, pamoja na jina la faili la programu na tarakimu ya mstari wenyewe.

Msomaji asiyezoea huanza juu na kukomea juu, akahukumu kwamba kilichoharibika ni uchoraji wa kurasa. Hilo ni kosa la kumshitaki mleta habari. Katika Java, tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002, kosa moja huweza kufungwa ndani ya jingine: utaratibu uliotuma hulipokea kosa la ule uliotumwa, hulivika maneno yake mwenyewe, na kulipeleka mbele, kwa hiyo aghalabu asili ya jambo imo katika «Caused by» ya mwisho kabisa, iliyo chini kuliko zote. Na ile alama ya nukta tatu na tarakimu, inayosema mathalani kwamba iko mistari thelathini na minne mingine, haimaanishi kwamba mnafichwa kitu. Maana yake ni kwamba mistari iliyosalia imekwisha kuandikwa hapo juu, na mashine imejizuia na takriri. Vijana waliofundishwa kwanza lugha ya Python na watahadhari, kwa kuwa huko mpangilio umepinduliwa: aliyezimia yuko chini, na mwenye hoteli yuko juu.

Tukiisha kuifikia «Caused by» ya mwisho, tunashuka mstari mmoja mmoja tukitafuta jina la nyumbani. Mistari mingi ni ya vyombo vya kuazima, Spring na Hibernate na Tomcat, vinavyotumiwa na watu duniani kote mchana na usiku; si muhali kwamba kasoro imo humo, ila ni bora kuanza kwa kumshuku aliye karibu. Mstari wa kwanza wenye jina la OpenMRS au KenyaEMR, au la moduli iliyoongezwa juzi na mtu tunayemfahamu, ndio mlango wa kuingilia. Katika mfano wetu mlango huo unatuonyesha kutoa: tarehe ya leo, kutoa tarehe ya kuanza dawa. Na tarehe ya kuanza dawa haikuwako. Pale palipotarajiwa tarehe palikuwa na utupu, ule utupu ambao mtaalamu wa kompyuta Tony Hoare aliutia katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965 kwa kuwa ulikuwa mwepesi kuutia, na ambao mwaka 2009 aliukiri hadharani kuwa ni kosa lake lililoigharimu dunia dola bilioni moja.

Fundi mwenye pupa atasema: nimepata, nitaongeza neno la kukagua kwamba kama tarehe haipo, miezi isihesabiwe. Ukurasa utafunguka, afisa atashukuru, na shauri litafungwa. Mimi nasema kwamba huyo amekizika kifo bila kuuliza muuaji. Ni nani aliyemwandikisha mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa bila tarehe ya kuanza? Fomu iliyopokea utupu huo ilifungwa miezi mitatu iliyopita. Kazi yake ilikwisha, fremu yake ilifutwa, na katika nyayo hizi jina lake halimo. Huenda mgonjwa alihamia kutoka kaunti nyingine na barua yake ya uhamisho haikuwa na tarehe, na fomu ya uhamisho, ghairi ya fomu ya mgonjwa mpya, haimlazimishi karani kuijaza. Nyayo zimetufikisha kwenye mlango. Kutoka hapo tunauliza hifadhidata ni wagonjwa wangapi wengine hawana tarehe hiyo, na kama wote ni wa uhamisho. Jawabu la swali hilo ndilo ithibati. Na wakiwa ni mia mbili, basi si ukurasa mmoja tu ulioharibika: hata ile ripoti inayopelekwa juu kila mwezi ina wagonjwa mia mbili wasiohesabiwa, nayo haikuanguka wala haikulalamika. Programu inayoanguka mbele ya macho yetu ina uaminifu fulani. Ile inayokosea kimya ndiyo ya kuogopwa.

Nageukia ada moja iliyoingia kwetu pamoja na simu za kisasa. Karani akiona maandishi ya kosa huyapiga picha na kuyatuma kwa WhatsApp, na ni tendo jema, kwa maana angeweza kutotuma kitu. Lakini kioo cha kompyuta hakitoshi mistari mia. Kinachoingia katika picha ni ile thelathini ya juu, yaani malalamiko ya mleta habari, na «Caused by» iliyo chini inabaki zahanati. Nimeona mashauri yakiburutwa wiki nzima na watu wenye akili kwa sababu wote walikuwa wakibishana juu ya nusu ya juu ya karatasi. Dawa yake ni kuyanakili maandishi yote na kuyapeleka kama maandishi, au, bora zaidi, kulipeleka faili la logi la seva, ambamo Tomcat imekwisha kuyaandika pamoja na saa na dakika. Saa hiyo ni muhimu. Kwa saa hiyo fundi atajua kama umeme ulikatika dakika tano kabla, jambo ambalo katika mkoa wetu si la ajabu, na ambalo huweza kuiacha hifadhidata imejeruhiwa.

Kuna siku logi huwa na jina la kosa peke yake, limerudiwa mara elfu, bila hata mstari mmoja wa nyayo chini yake, na fundi akadhani kuna mtu aliyefuta. Hakuna aliyefuta. Mashine ya Java, kosa la namna moja likitokea mahali pamoja mara nyingi mno, na utaratibu ule ukiwa umekwisha kukazwa ili uende mbio, huacha kuandika nyayo ili kuokoa nguvu, ikatoa jina tupu. Anayelijua hilo hafadhaiki; hurudi nyuma katika logi, saa au siku kadhaa, mpaka akute mara za mwanzo, na hapo nyayo zimo kamili. Ila kama seva ilizimwa na logi za zamani zikafutwa ili kupata nafasi katika diski, amekwisha kukosa.

Na iko shahada inayopotosha waziwazi, nayo ni ile ya kuishiwa na kumbukumbu. Anayeanguka kwa kukosa kumbukumbu si lazima awe ndiye aliyeila. Ni yule tu aliyefika mwisho akaomba kidogo akakosa. Nyayo zitamtaja huyo maskini, na kumrekebisha yeye ni kumwonea. Katika miaka ya Java ya 6 na ya 7, mafundi wa OpenMRS waliteswa sana na namna moja ya kosa hili, lililotokana na eneo la kumbukumbu lililoitwa PermGen, ambamo maelezo ya moduli zote yaliwekwa. Kila moduli ilipoongezwa au kupakiwa upya eneo lile lilizidi kujaa, na aliyeangukia humo alikuwa yeyote aliyepita. Java ya 8, iliyotoka mwaka 2014, ililiondoa eneo hilo. Kwa kosa la namna hii nyayo za staki hazitoshi. Unahitaji picha ya kumbukumbu yenyewe, kuona ni nini kilichorundikana humo.

Hata sasa nimezungumza juu ya kuanguka. Kuganda ni jambo jingine, tena zito zaidi, kwa sababu programu iliyoganda haisemi. Kioo kinazunguka, karani anabofya tena, na kila kubofya kunaongeza ombi jingine katika foleni. Baada ya robo saa zahanati nzima imesimama, na sauti inasikika: zima, washa. Siwalaumu wanaosema hivyo. Mama aliyembeba mtoto mgonjwa hawezi kuambiwa angoje mpaka sayansi itimie. Ninachodai ni dakika moja tu, kwa maana programu iliyoganda, ijapokuwa haitoi nyayo kwa hiari, huzitoa ikiombwa. Java ina chombo kiitwacho jstack, ambacho hupewa nambari ya programu inayoendelea na kuandika staki za nyuzi zake zote, yaani za shughuli zote zinazokwenda sambamba ndani yake. Na katika Linux amri ya kill -3, ijapokuwa jina lake linatisha, haiui kitu, bali huiambia Java imwage staki zake katika logi kisha iendelee na hali yake. Ichukueni mara tatu, kila moja baada ya sekunde kumi, kwa sababu staki moja ni ya nukta moja ya wakati, na uzi uliokutwa mahali fulani mara moja huenda ulikuwa unapita. Uliokutwa pale pale mara tatu, huo umekwama au unazunguka. Kisha zimeni mpendavyo.

Katika zile staki tatu tutafute nini? Nyuzi zinazopokea maombi ya watumiaji ni nyingi, na Tomcat kwa kawaida huruhusu hadi 200. Tukikuta makumi yao yote yamesimama mahali pamoja, katika utaratibu uitwao awaitAvailable wa chombo cha c3p0, tumekwisha kujua kwamba yanangoja njia ya kuingilia hifadhidata, na kwamba njia zote zimeshikwa. Hayo ndiyo wanayoyaona wengi, wakaongeza idadi ya njia, wakapata nafuu ya siku chache. Swali lenye faida ni lile la upande wa pili: ni nani anayezishika? Hapo yatupasa kuwatafuta wale wachache wasiofanana na wengine, na ndipo mtego ulipo. Mtautazama uzi mmoja mkaona hali yake imeandikwa RUNNABLE, yaani unakwenda, mkaupita. Kumbe mstari wake wa juu ni socketRead0, na chini yake ni majina ya MySQL. Uzi huo hauendi popote. Umeketi ukingoja jawabu la hifadhidata, ila Java, kwa kuwa kungoja huko hufanyika nje ya mipaka yake, huuhesabu kuwa uko kazini. Shukeni katika staki yake mpaka mlikute jina la nyumbani, na mara nyingi, ikiwa ni mwanzo wa mwezi, mtakuta ni utaratibu wa kuandaa ripoti ya MOH 731, ile inayokusanya hesabu za Ukimwi za mwezi mzima, aliyoianzisha mtu mmoja katika chumba cha nyuma saa tatu asubuhi, naye alipoona imechelewa akaianzisha mara ya pili na ya tatu. Kutoka hapo mtahamia MySQL yenyewe, na amri ya SHOW FULL PROCESSLIST itawaonyesha swali lililokwama na muda wake kwa sekunde. Tuseme ripoti iliandikwa wakati zahanati ilikuwa na wagonjwa mia nne. Sasa wanao elfu tano. Tiba itakuwa ni kulirekebisha swali lile, au kuifanya ripoti usiku, na zote mbili ni nafuu kuliko seva mpya ambayo watu walikuwa wamekwisha kuanza kuiombea fedha.

Namna ya pili ya kuganda ni nyuzi mbili kushikana kufuli, yaani vibali ambavyo kila kimoja huweza kushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati, huyu ameshika ya kwanza anaingoja ya pili, na yule ameshika ya pili anaingoja ya kwanza, na wote wawili watangoja mpaka kiama. Hapa Java ni karimu: jstack hulitambua fundo hilo yenyewe na kuyaandika majina ya wahusika mwishoni. Namna ya tatu, uzi unaozunguka bila kukoma, hutambulikana kwa joto la mashine na kwa staki tatu zinazofanana chini lakini zikipishana kidogo juu. Sina haja ya kuirefusha.

Wala msidhani kwamba kuganda huwapata maskini wa vifaa peke yao. Tarehe 4 Julai 1997 Wamarekani walikitua chombo chao Pathfinder juu ya sayari ya Mirihi, na baada ya siku chache chombo kile kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe, kikiahirisha kila mara kazi iliyosalia ya siku hiyo. Mafundi wa maabara ya JPL walikuwa na pacha wa mashine ile hapa duniani, wakaiendesha huku imewashiwa uandishi wa nyayo, wakangoja mpaka nayo ikashikwa na ugonjwa ule. Nyayo zikaonyesha kwamba kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilikuwa ikishika kufuli moja, kisha ikasukumwa kando na kazi za cheo cha kati kabla ya kuiachia. Na kazi kubwa ya kusafirisha habari, iliyohitaji kufuli ile ile, ikangoja kupita kiasi, mpaka mlinzi wa mashine akaamua kwamba kuna hitilafu na kuizima yote. Kilichotakiwa kurekebishwa ni alama moja tu, ya kuipa kazi ndogo cheo cha yule anayeingoja maadamu imeshika kufuli, nao wakaituma alama hiyo angani. Hawakuweza kwenda Mirihi kama vile fundi wetu asivyoweza kwenda Mfangano kila Jumatatu. Na hata chombo chenyewe kilikuwa na ada yetu ile ile ya kuzima na kuwasha, ambayo ilikiokoa kisife lakini haikukiponya.

Limesalia jambo la amana. Maandishi haya mnayoyatuma huweza kubeba ndani yake swali zima lililopelekwa hifadhidata, na ndani ya swali hilo jina la mtu, nambari yake ya kliniki na hali yake. Katika ufuo ambapo kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu, jina moja lililosafiri ndani ya kundi la WhatsApp la mafundi hamsini ni madhara yasiyorudishika. Na fauka ya hayo, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imezitia habari za afya katika fungu la zile nyeti. Kabla ya kutuma, someni. Majina yafuteni, muache majina ya taratibu na tarakimu za mistari, kwa maana hayo hayamtambulishi mtu yeyote na ndiyo anayoyahitaji fundi. Wala msiyatume katika kundi. Mtumieni yule mwenye kazi.

Na yule mwenye kazi, akiyapokea, ana bahati ambayo wengi wa kazi yake hawana, kwamba OpenMRS na KenyaEMR ni programu za wazi, na mstari, tuseme wa 214, unaotajwa katika nyayo anaweza kuufungua na kuusoma akiwa ameketi Kondele hapa mjini, bila idhini wala malipo. Sharti ni moja: awe na toleo lile lile. Tarakimu za mistari huhama kila programu inapohaririwa, na mstari wa 214 wa toleo la mwezi huu huenda ukawa ni maelezo matupu, ilhali katika lile lililowekwa Usenge miaka miwili iliyopita ndimo kutoa kwa tarehe kulimo. Kwa hiyo barua ya karani, kabla ya nyayo zenyewe, kabla hata ya salamu akipenda, ianze kwa nambari ya toleo la KenyaEMR na la kila moduli iliyoongezwa, kisha saa ya tukio, kisha jambo alilokuwa akilifanya alipobofya.